Jino la Shangazi

Ndugu zangu, sogeeni niwapeleke kwenye nyumba ya fundi mageti. Sebuleni, asubuhi, redio inaimba chinichini, na dada yake fundi, ambaye mtaa mzima tulimwita Shangazi, ananyoosha mashati ya watu. Alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti wasizosikia wenzake. Lakini alimeza vidonge vyake kila jioni, na kola alizozipiga pasi yeye zilinyooka kuliko za wenye akili zao timamu. Nyumba ilikuwa imetulia.

Kisha akaanza kuunguza mashati.

"Kaka, jino linaniuma," alisema, kashika shavu. "Linawaka moto mpaka sikioni."

Fundi hakuinua macho kwenye sahani. Msimhukumu haraka. Zamani, Shangazi alipougua mara ya kwanza, alishikilia kwamba maadui wamempandikizia redio ndani ya jino. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Tangu hapo, akitaja jino, nyumba nzima ilijua ni wazimu.

"Yameanza tena," alisema wifi yake, kama mtu anayetaja mvua.

"Mwongezee kidonge," fundi akajibu.

Wakamwongezea bila kumuuliza daktari. Akawa anasinzia mchana kutwa, na zile sauti zilizokuwa zimenyamaza zikarudi kwa fujo. Akajifunga kitambaa usoni; wakasema anawakimbia maadui zake. Hakuna aliyemfokea, hakuna aliyelia. Miaka ya kuuguza ilikuwa imewatia ganzi, wakawa wanampita kama kiti kilichovunjika mguu. Mwishowe wakamfungia chumba cha nyuma, kila mtu akaendelea na kazi yake.

Siku moja wifi alimpelekea chai, akakuta kitambaa kimedondoka. Shavu limevimba hadi ngozi inang'aa, jicho moja limefumba, mwili unachemka.

"Baba watoto! Njoo uone. Kumbe ni jino kweli!"

Hospitalini walikamua usaha, wakang'oa jino, na kipande cha taya kilichooza wakakikata. Kidogo tu tungemzika. Alipopata nafuu, daktari wake wa akili, mama mpole mwenye miwani, aliwakalisha chini.

"Mwili ukipigana na vijidudu, huwasha moto wa kujikinga. Ndiyo ule uvimbe, ule wekundu, ile homa. Moto huo ukizidi, unaweza kuusumbua hata ubongo, na mgonjwa kama huyu akazidiwa. Watafiti bado wanauchunguza. Baadhi ya wagonjwa wanajaribiwa kuongezewa dawa za kuutuliza."

"Kwa hiyo vile vidonge vya zamani tuviache?" fundi akauliza, uso umemchangamka.

"Nimesema kuongezewa, baba, sikusema kubadilishiwa. Na hazimfai kila mtu. Huyu alihitaji jino litibiwe, na vidonge vyake ameze kama nilivyoandika."

Sauti zilipungua, hazikuisha. Shangazi alirudi kwenye pasi na uso uliopinda upande mmoja. Fundi alimletea chai, akaiweka mezani.

"Mdogo wangu, nisamehe. Nilidhani ni ile redio."

Shangazi aligeuza kola, akainyoosha.

"Nilikwambia ni jino, kaka. Hukuuliza hata ni lipi."

Chai ikapoa juu ya meza.

FUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shangazi hakuficha, alisema, na waliomsikia wakaziba masikio. Jamani, mgonjwa wa akili naye ana meno, ana tumbo, ana damu, na kinachouwasha mwili wake moto huenda kikaichoma na akili yake. Dawa zake msiziongeze, msizipunguze wala msizikatishe pasipo daktari. Akisema panamuuma, mwambieni afungue kinywa, mtazame. Ganzi ni ya kung'olea jino, si ya kuishi na ndugu.