Siku Bi Somoe Alipoona Ndani ya Tumbo

Ilikuwa Ramadhani, mwaka 1994, pale Mtoni, Temeke. Zuena alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi ya futari. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, tena ya tatu, na tumbo lilikuwa kubwa kweli kweli. Hata hivyo alikuwa amefunga. Walimwambia ale, wapi! Zuena akishasema jambo, amesema.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Somoe, mkunga wa mtaa. Watoto wengi waliokuwa wakicheza nje walipita mikononi mwake, wakiwamo wawili wa Zuena. Kila mtu alijua kwamba huyu wa tatu naye angezaliwa mle mle chumbani.

Zuena akainuka kuchukua chujio. Mara akahisi kitu cha moto kinamchuruzika miguuni. Akatazama. Damu. Haikuwa nyingi, wala hakusikia maumivu yoyote.

"Mama," akaita, "naona damu."

Bi Somoe akaja. "Inauma?"

"Haiumi."

"Basi si kitu. Kalale ndani, nikupime kwa mkono nione njia ikoje."

Zuena alimwamini mama mkwe wake. Lakini siku ile moyo ulikataa. Mimba mbili za kwanza hazikumfanyia hivi. Aliogopa kumpoteza mtoto, na aliogopa kuwaacha wale wawili bila mama.

"Mama, samahani," akasema. "Kabla hujanipima, naomba tumwite Mama Projestus."

Bi Somoe akanuna, lakini hakukataa. Mama Projestus alikuwa jirani yao, mwenyeji wa Bukoba, nesi wa kliniki ya wajawazito. Akaja mbio, hajavua hata sare.

"Shikamoo, mama," akamwamkia Bi Somoe. Kisha akamtazama Zuena. "Kuna mtu amekuingiza mkono?"

"Bado."

"Afadhali. Mama, nakuomba sana, usimwingize mkono. Mimba kubwa ikitoa damu bila maumivu, huenda kondo la nyuma limekaa chini, kwenye mlango wa kizazi. Likiguswa, damu itafunguka kama bomba, na hapa hatuna cha kuizuia. Twende hospitali sasa hivi."

"Na huko hospitali wataonaje ndani?" Bi Somoe akauliza.

"Kwa altrasaundi, kipimo cha picha ya tumbo."

"Hiyo si eksirei? Inaunguza mtoto hiyo."

"Si eksirei, mama. Eksirei ina mionzi, hii haina. Hii inatuma sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inamfikia mtoto, inarudi, na mashine inaigeuza kuwa picha. Haimuumizi mama wala mtoto."

Mashaka, mume wa Zuena, alikuwa fundi wa magari. Akaleta pikapu ya gereji, wakapanda wote, Bi Somoe naye. Njiani akauliza, "Hiyo picha si itaonyesha kama ni dume?"

"Pengine," Mama Projestus akamjibu. "Lakini leo hatuendi kutafuta dume, baba. Tunaenda kumtafutia mkeo uzima."

Mashaka akakanyaga mafuta.

Walifika kwenye hospitali ya binafsi iliyofunguliwa karibuni. Nesi wa mapokezi akampa Zuena jagi la maji. "Kunywa yote, na usiende kukojoa. Kibofu kikijaa, picha inaonekana vizuri."

Zuena akalishika jagi. Kufungua saumu kwa ajili ya picha? Akaenda chooni, akayamwaga maji yote, akarudi kuketi kimya kama aliyekunywa. Ubishi mwingine jamani!

Aliyempima alikuwa Dokta Zarin, mama wa Kihindi, naye Mwislamu. Alimlaza Zuena chali, akampaka tumboni mafuta mazito ya baridi, akapitisha kifaa kidogo juu yake, taratibu, kama mtu anayepiga pasi. Picha zikatokea kwenye kioo kama cha televisheni yenye chenga. Daktari akakunja uso.

"Umekunywa maji?"

Zuena akatazama ukuta. "Nimefunga, daktari."

"Hata mimi nimefunga. Lakini wewe ni mjamzito na unatoka damu. Dini imekuruhusu kula. Utalipa ukiwa mzima. Mtoto namwona, ila kibofu kikiwa kitupu chini sioni vizuri, na chini ndiko ninakotaka kuona."

Zuena akamgeukia mama mkwe wake. Alitegemea kufokewa. Bi Somoe akamimina maji kwenye glasi kwa mkono wake mwenyewe, akampa.

"Kunywa, mwanangu. Dhambi ikiwapo, niibebe mie."

Zuena akanywa, glasi baada ya glasi. Wakangoja hadi akaanza kubana miguu, kisha daktari akampima tena. Safari hii Bi Somoe alisimama karibu na kioo.

"Hiki kinachopigapiga ni moyo wa mtoto," Dokta Zarin akasema. "Anaendelea vizuri."

Zuena akalia kwa furaha.

"Na hili hapa ndilo kondo. Linatakiwa kukaa juu. Lake limeziba mlango."

Bi Somoe alikuwa ameshika makondo mengi na kuyazika kwa mikono yake. Hakuwahi kuliona kondo kabla ya mtoto kutoka.

"Kwa hiyo mlango ukifunguka, linabanduka," akasema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Na mzazi anaishiwa damu."

"Umesema mwenyewe."

Bi Somoe akaketi. "Kuna mwanamke alinifia hivyo hivyo. Tukasema karogwa." Akajifuta macho kwa kanga. "Huyu mie simzalishi. Atazalia hospitali."

Zuena akalazwa hadi damu ikakoma. Aliporuhusiwa, daktari akawaeleza yote. Asinyanyue ndoo. Asilale na mumewe; hapo Mashaka akatazama viatu vyake. Asikae mbali na hospitali. Damu ikitoka tena, hata tone, aletwe hima. Ndugu wawe tayari kutoa damu. "Na arudi tupige picha nyingine," akasema. "Mara nyingine kizazi kikikua, kondo hupanda."

La Zuena halikupanda. Mimba ilipokaribia kutimiza miezi tisa, akafanyiwa upasuaji. Mashaka na mafundi wenzake walikuwa wameshatoa damu, na kweli ilihitajika. Mtoto akatoka analia kwa nguvu. Alikuwa wa kike, wakamwita Najat. Yule baba aliyetaka dume sasa hasikii wala haambiwi. Anambeba hadi gereji.

Bi Somoe bado anafuatwa na wajawazito. Juzi alikuja mmoja kutoka Mbagala, amepanga kuzalia kwake kama mama yake alivyofanya. Bi Somoe akamkaribisha, akampa chai, akavaa viatu na kumpeleka kliniki yeye mwenyewe. Njiani yule binti akalalamika kwamba bibi anamfukuza.

"Sikufukuzi," Bi Somoe akamwambia. "Mikono hii ilibaki kidogo imuue Zuena. Twende."