Usiku Ulioombwa Juu ya Udi

Jumapili ile Kimani alifungua mdomo kusimulia, na maneno hayakuja.

Ajabu hiyo! Hadithi yenyewe aliirudia kila alipokuja kunywa chai Rågsved, nyumbani kwa Zephania: jinsi yeye na Domina, enzi wakiwa wanafunzi, walivyomwona mzee mmoja wa Kiingereza, gwiji wa roki, akilicharaza gitaa hapahapa Stockholm; jinsi uzi ulivyokatika katikati ya wimbo na mzee akaendelea na nyuzi zilizobaki, watu wakalia. Siku hizi Domina ni mke wa Zephania, mama wa mtoto wao Nora. Lakini shemeji Kimani akifika tu kwenye uzi uliokatika, macho ya Domina yalimetameta namna ambayo mumewe hakuwahi kuyafanya yamete. Wivu ulimtafuna Zephania, tusifichane. Ulimtafuna hata akiwa kazini anaendesha basi.

"Ehe, uzi ukakatika..." Domina alimhimiza mgeni.

"Uzi gani hiyo?" Kimani akauliza, akikodolea macho kikombe chake.

Hapo Zephania akasikia mdomo wake mwenyewe ukidakia. Akasimulia yote: joto la ukumbi, shati la mzee lililolowa jasho, uzi ulivyoruka. "Nami nimekushika kiuno," akamwambia mkewe.

"Nakumbuka, baba Nora!" Domina akacheka.

Lo, raha aliyoisikia! Akamtazama Kimani alivyonywea pale kwenye kochi, akasema kimoyomoyo: na wewe onja.

Alijua usiku ule ameupata wapi. Domina alifundishwa kufukiza nguo kwa udi na rafiki yake Dalia, mwenyeji wa Tanga anayeishi Skärholmen. Dalia aliwaonya wote wawili: fukizeni nguo, nyamazeni, msiombe kitu juu ya moshi wa udi, kuna wanaosikiliza. Zephania, mtu wa Bukoba, mwanakwaya, aliona hayo ni mambo ya pwani. Siku moja akiwa peke yake akafukiza suti yake huku ananung'unika: "Nipeni usiku ule wa gitaa. Nami nitawapa wangu. Usiku kwa usiku." Moshi ukatanda. King'ora cha moshi, ambacho hupiga kelele hata mtu akikaanga samaki, kilikaa kimya. Kabatini, katikati ya nguo, uzi wa gitaa ulilia mara moja. Nyumba ile haina gitaa.

Sasa akausikia tena, na udi ukanukia ilhali hakuna aliyeuwasha. Akajifungia jikoni, akampigia Dalia simu.

"Dada Dalia," alinong'ona, "niliomba kitu juu ya moshi."

"Lahaula! Ukaahidi nini?"

"Usiku wangu mmoja. Sikusema upi."

"Shemeji, wale hawachukui usiku mbovu. Rudi kwa mkeo sasa hivi, mtajie usiku wa harusi yenu kabla hajautaja mwingine."

Akatoka mbio, na katika ujia ule mfupi akajaribu kuikumbuka harusi, kanisa lile la Bukoba, vigelegele vya mama yake, shela la Domina lililolowa mvua, na kila alichokishika kikamponyoka, kwanza vigelegele, kisha uso wa mama, kisha shela, mpaka akabaki na harufu ya udi tu na uzi ule ukilia taratibu ndani ya kichwa chake, palepale harusi ilipokuwa.

Sebuleni Kimani alikuwa amerudiwa na sauti. "Mvua ikatukuta usiku ule tunatoka kanisani," alikuwa akisema, "mama anapiga vigelegele, na pete ile ilivyogoma kuingia!"

"Si kidole kilivimba!" Domina alicheka mpaka machozi. Macho yalimmetameta kuliko yalivyowahi kummetameta kwa ajili ya gitaa.

"Domina," Zephania akaita. "Domina, mimi ndiye..." Akaitafuta harusi kichwani. Hakukuwa na kitu kingine mle ila uzi uliokatika.

Domina akainuka kwa adabu zote, akamletea koti lake.

"Shemeji, giza limeshaingia, usije ukakosa treni," alisema. "Jumapili ijayo uje utusimulie tena lile gitaa." Kisha akamgeukia Kimani. "Baba Nora, hebu msindikize mgeni."