Nukta Kati ya Mbili na Mia Nne

Saa kumi na dakika tano, lori lilisimama.

Régine alishuka kwenye pikipiki yake ya TVS kabla vumbi halijatua. Bastola ya Makarov ilikuwa mkononi, kizuizi chake cha usalama kimeshafunguliwa.

"Shuka! Mikono juu!"

Dereva akashuka akiwa ameinua mikono. Régine akapanda nyuma, akang'oa turubai, akachoma gunia la kwanza kwa kisu.

Maharage.

Akachoma la pili. La tatu. La kumi.

Maharage matupu.

"Mama," dereva alisema, moyo ukianza kumrudia, "kama njaa ilikukamata, ungeomba tu sahani moja."

Redio ya Motorola ikakoroma kiunoni. Alikuwa mkuu wake, Papa Anaclet, wa idara ya ujasusi mjini Bunia.

"Régine, weye iko na nini?"

"Maharage, chef. Lori ya ine hii, na zile tatu ni vile vile."

"Endelea na barabara ya Komanda. Kilo deux mille quatre cents ya baruti haiwezi kufichama mu mufuko. Tafuta camion!"

Kilo elfu mbili na mia nne. Ndivyo walivyosoma wote. Mchana ule Serge, mtu wao wa Aru, alikuwa ameipiga picha karatasi ya mjumbe mmoja aliyevuka mpaka kutoka Uganda. Mjumbe akaponyoka. Picha ikabaki. Ilikuwa na mistari mitatu tu:

SAIO 17:00
2.400 KG
1.200 S

Saio, pembezoni mwa Bunia, kulikuwa na kitu kimoja tu cha kulipuliwa: mnara wa redio na simu juu ya kilima. Kupitia mnara ule, vijiji vya kusini, upande wa Gety, viliomba msaada vikishambuliwa. Bila mnara, Gety ingekuwa kiziwi na bubu. Kulikuwa na watu kutoka ng'ambo waliotaka iwe hivyo kwa siku tatu, dhahabu ikitoka na wauaji wakiingia.

Régine hakuhitaji kuelezwa. Mdogo wake Madeleine aliuawa Gety mwaka ambao mnara ulikuwa haujajengwa. Simu yake waliikuta kwenye nyasi. Ilionyesha kwamba alikuwa amejaribu kupiga mara kumi na saba. Zote kwa Régine. Hata moja haikupita.

Akaitoa simu yake ya Tecno, akaifungua tena picha ya Serge.

Papa Anaclet alikuwa amesema kwamba S ni *sud*: lori litaegeshwa mita elfu moja na mia mbili kusini mwa mnara. Watu wazima walikubali. Hata yeye alikubali.

Sasa akaikuza picha. Akaitazama ile saba.

Haikuwa na kistari katikati.

Kila mtoto wa Bunia huikata saba tumbo, la sivyo mwalimu humkata yeye masikio. Na ile moja? Fimbo tupu, haina pua. Na saa? Mtu wa hapa angeandika 17h00. Huyu alikuwa ameweka nukta mbili.

Mwandishi alikuwa amefundishwa kwa Kiingereza.

Régine akakumbuka. Wakati wa vita, yeye na Madeleine walikimbilia Arua, upande wa pili wa mpaka, wakasoma huko miaka miwili. Mtihani wa kwanza wa hesabu, wote wawili walipata zero. Walikuwa wameweka *virgule*, ule mkato, mahali ambapo watu wa kule huweka nukta ya desimali; kwao Bunia nukta hutenga maelfu.

2.400.

Si elfu mbili na mia nne. Ni mbili, na kipande.

Akabonyeza redio. "Josaphat! Hapo barrière ya Saio, nani amepita?"

Josaphat, kiongozi wa askari waliolinda kizuizi cha barabara chini ya kilima, alijibu kwa fahari. "Hata camion moja, chef! Ni technicien mumoja tu, fundi wa mnara, na begi."

"Begi kubwa?"

"Kama ya mutoto wa masomo."

"Usipandishe askari. Akiwaona, atabonyeza. Minakuja."

"Régine!" Papa Anaclet aliingilia. "Nilikupa ordre! Bakia Komanda!"

"Chef, hakuna lori. Hakujakuwa na lori."

"Ni ordre!"

Akaizima redio pamoja na amri yake.

TVS ikanguruma kama mbwa aliyekanyagwa. Mashimo, mbuzi, wanawake wenye mabeseni: vyote vikarudi nyuma. Saa kumi na dakika arobaini na moja alipita barrière bila kusimama. Hapakuwa na gari lolote lililoegeshwa pale. Akaliweka hilo kichwani.

Juu, chini ya miguu ya mnara, alichuchumaa kijana aliyevaa ovaroli ya buluu. Régine alimtambua. Fabrice, fundi simu wa sokoni. Mbele yake kulikuwa na kisanduku cha plastiki kilichofungwa kwenye chuma. Kioo chake kiling'aa: 1.200, namba ile ile ya karatasi; S ilikuwa sekunde. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha kijani.

"Usifike, yaya! Dada, nitabonyeza!"

"Bonyeza," Régine alisema. Akairudisha Makarov kiunoni. "Lakini hesabu mpaka moja. Mbili hautafika."

"Uongo! Iko dakika makumi mbili. Sekunde mille deux cents. Mi si mujinga, nilisoma."

"Hata mi nilisoma. Begi yako ilikuwa nzito?"

"Ile ni swali gani?"

"Papier inasema 2.400. Kumbe ulibeba kilo deux mille quatre cents ku mugongo, ukapanda nayo kilima? Weye ni muntu ao ni Caterpillar?"

Fabrice akalitazama begi lake.

"Kwa bo, watu ya Kiingereza, point, ile nukta, njo virgule, leki, mudogo wangu. Kilo mbili na kipande. Sekunde moja na kipande."

"Patron, mukubwa wangu, hawezi kunifanyia vile."

"Muulize. Kilo kwanza, kisha sekunde."

Mkono wa kushoto wa Fabrice ulitoa simu ya setilaiti ya Thuraya. Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Patron, papier imelowana. Mzigo ni kilo ngapi?"

Sauti ilijibu kwa Kiswahili safi, cha vitabuni. "Mbili na gramu mia nne. Kwa nini?"

"Na sekunde?"

"Elfu moja na mia mbili. Dakika ishirini, kijana wangu. Gari linakungoja chini. Bonyeza."

Nukta ile ile. Mkono ule ule. Kwa mzigo ilisema kweli, kwa Fabrice ilisema uongo.

"Hakuna gari chini," Régine alinong'ona. "Nimepita pale sasa hivi."

Kidole gumba kikanyanyuka polepole, kama kimetoka kwenye asali. Machozi yakamshuka Fabrice. "Patron iko aeroport, ule muzungu," alisema bila sauti. "Asubui nilimubebea valise ya nguo."

Régine aliiwasha redio, akasogea kando. "Josaphat. Aeroport. Muzungu mwenye Thuraya. Kimbia." Kisha akamgeukia Fabrice. "Mushike Patron na maneno."

Fabrice akaongea kama mtu anayeongea kwa ajili ya roho yake. Walinzi wanapita, Patron. Ngoja kidogo, Patron. Mvua inataka kunyesha. Régine alipiga magoti, akachomoa waya wa betri, kisha kiwashio. Kioo kikafa.

Dakika kumi na mbili zilipita.

"Umebonyeza?" sauti ilifoka. "Ndege inawasha injini!"

Régine aliichukua simu.

"Bonsoir, Monsieur. Mnara umesimama. Nyuma yako kuna viatu vinakuja. Uko na 1.200. Isome unavyopenda."

Kikasikika kishindo, kitu kikaanguka, na sauti ya Josaphat ikasikika kwa mbali: "Lala chini! Chini!"

Régine akamfunga Fabrice pingu. Hakumpiga wala hakumfariji.

Papa Anaclet alifika juu akihema, tai imempanda begani. Alitazama kisanduku, akatazama begi dogo, akajifuta jasho.

"Kilo mbili," alisema.

"Na gramu mia ine, chef."

"Nilikupa ordre ya Komanda. Itaingia mu rapport."

"Iandike. Lakini andika kwa maneno, si kwa chiffres, zile namba. Tusije tukatafuta lori tena."

Mashine ya mnara ikatoa mlio. Sauti ya mwanamke, nyembamba, kutoka mbali kusini:

"Saio, Saio, hapa Gety. Ni Glodie. Munatusikia?"

Papa Anaclet alinyoosha mkono achukue kipokeo. Régine alimtangulia.

"Tunakusikia, Glodie," alisema. "Sema."

Alipomaliza kusikiliza alimpa mzee kipokeo, akateremka kilima, akaiwasha TVS kwa kiki kuelekea Gety.