Alitoka Bila Kutolewa

Saa tisa alasiri, Jumanne ya pili ya Desemba 1927, Minocher Dalal alivua glavu katikati ya uwanja wa kriketi wa Bombay na kuanza kutembea kuelekea hemani. Mwamuzi hakuwa amemtoa.

Mpira ulikuwa umempita, mdakaji wa timu ya Wazungu akaudaka nyuma ya vijiti na kudai ametoka. Mwamuzi akatikisa kichwa: haukugusa gongo, hajatoka. Minocher angeweza kubaki. Badala yake alilitia gongo kwapani akaondoka.

Katika hema la wanawake, Hilla Vakharia aliacha kujipepea. Alikuwa amevaa sari ya zambarau yenye korongo weupe waliotariziwa, ile ile ambayo Minocher aliimwagia kinywaji cha faluda mwaka uliopita, kwenye msongamano wa mapumziko, siku waliyokutana. "Gongo unalishika vizuri," alimwambia siku hiyo. "Glasi je?"

"Kijana amechoka kucheza," alisema shangazi yake, Jerbai, akimenya chungwa.

"Amechoka na mimi, shangazi."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Minocher alikuwa afisa wa serikali wilayani Khandesh, na mkuu wake alimpa ruhusa ya mechi tu. Ikiisha, anapanda treni ya usiku huo huo. Mechi ilipangwa kuisha Jumatano. Jumatano hiyo baba yake Hilla angerudi kutoka Poona, na jioni Minocher angekwenda kuposa. Jumapili alikuwa anakuja daktari mmoja wa Surat, kwa shughuli hiyo hiyo. Kwa hiyo Minocher alitakiwa kufanya jambo moja: kuendelea kupiga hadi jua lizame, ili mechi ifike Jumatano.

Alipotoka, wenzake wa timu ya Waparsi waliobaki walitolewa mmoja baada ya mwingine kabla ya mapumziko ya chai. Mechi ikaisha.

Hilla alikuwa ameshafika nyumbani simu ilipolia.

"Hilla, mpenzi, nisikilize."

"Nani mwenzangu?"

"Usinifanyie hivyo. Mpira uligusa gongo."

"Mwamuzi amesema haukugusa."

"Hakusikia. Mimi nilisikia."

"Uwanja mzima haukusikia, Mino. Umesikia wewe peke yako. Ungejifanya kiziwi kwa siku moja tu."

"Nilitaka. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda."

"Basi iache iende," alisema Hilla, akakata.

Jerbai alimimina chai kwenye kisahani na kuipuliza. "Marehemu mume wangu naye alicheza kriketi," alisema. "Hakutoka hata siku moja mpaka mwamuzi anyanyue kidole cha kumtoa. Na humu ndani alikuwa vivyo hivyo, mwanangu. Hakukubali kosa bila shahidi."

Hilla alimtazama. Kisha alivaa viatu.

Katika stesheni ya Bori Bandar alimkuta Minocher dirishani mwa treni, bado na chokaa ya uwanjani kwenye suruali. Gongo lilikuwa juu ya begi.

"Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kuuliza. Kama mpira ule ungerudi sasa hivi, ungebaki?"

Minocher alifikiri. Hilla alimwacha afikiri.

"Nisingebaki," alisema. "Lakini ningeutazama zaidi, nisiuguse."

Hilla alicheka, bila kutaka. "Bwana wewe, hata uongo mdogo wa stesheni humpi mtu."

"Likizo nyingine ni baada ya mvua za mwakani, Hilla. Daktari ni Jumapili."

"Najua daktari ni lini."

"Ningekaa hapa, ningefukuzwa kazi. Ningekuja kwa baba yako na nini?"

"Nani kakwambia ukae?" Aliingiza mkono dirishani, akamfungia kifungo cha kola kilichokuwa wazi. Mkono ulibaki pale hadi filimbi ilipopulizwa.

Treni iliondoka kwa wakati wake.

Asubuhi, treni ya Poona ilipoingia, Hilla alikuwa jukwaani peke yake, amevaa sari ile ile. Baba yake alishuka, akampa mwavuli amshikie, akauliza mechi imekuwaje.

"Tumefungwa," alisema Hilla. "Kuna mmoja alitoka bila kutolewa. Tuketi pale, baba, nikueleze habari zake."

Baba yake alitazama benchi, kisha akamtazama binti yake. Akaketi.