Nyongeza ya Moja

"Umekunywa uji, mwanangu?" kinenanafsi kiliuliza kwa sauti ya Kabula, aliyefariki miaka mitatu iliyopita.

"Nimekunywa, mama," alijibu binti yake Nyamizi, muuza karanga wa Tabora. Kila Jumamosi asubuhi alifika Jumba la Sauti kuzungumza naye.

Kinenanafsi, chombo kilichomsemesha marehemu, hakikuzidi birika kwa ukubwa. Kumbukumbu za marehemu zilitunzwa kando, lakini tabia yake yote iliandikwa kama namba moja nzima yenye tarakimu bilioni nne. Mashine iliivunja namba hiyo mpaka ikapata vigawo vyake tasa, yaani namba zisizogawanyika tena, na kutokana na vigawo hivyo ikamjenga mtu.

Mkaguzi Maganga aliingia na kumwita pembeni. Uso wake haukuwa wa heri.

"Dada Nyamizi, nakala yetu ya akiba ya namba ya mama yako inaishia na saba. Ya humu chomboni inaishia na nane. Siku ya kusajili, nani aliingiza tarakimu ya mwisho?"

"Mimi." Ndivyo ilivyokuwa desturi ya jumba: ndugu alibonyeza tarakimu ya mwisho, kama vile makaburini anavyotupia konzi ya udongo. "Niliongeza moja. Sokoni sipimi kopo bila nyongeza. Ningempaje mama yangu kipimo kikavu?"

Maganga alishusha pumzi. "Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja, ila moja tu. Ya mama yako inagawanyika kwa tatu na kwa kumi na tisa. Hii inagawanyika kwa mbili na kwa kumi na moja. Huyu ana kumbukumbu za mama yako na sauti yake, lakini ni mtu mwingine kabisa."

Nyamizi aligeuka kukitazama chombo. Kabula hakuwahi kumwita "mwanangu". Alikuwa mkali kama pilipili, na Nyamizi alidhani kifo kimemlainisha.

"Na mama yupo wapi?"

"Hajawahi kuamshwa. Ukipunguza moja, ataamka, na huyu atafutika. Leo nafunga rejista, kwa hiyo chagua mmoja."

Nyamizi alirudi kwenye chombo, akaeleza yote. Alimpenda huyu, na aliona haya kumpenda.

Kinenanafsi kikauliza, "Nami je, mwanangu? Nitakwenda wapi?"

Nyamizi aliwaza juu ya mama yake, miaka mitatu bila kuitwa na mtu, akabonyeza saba.

Taa ya chombo ilizimika, ikawaka.

"Nyamizi! Mbona umechelewa hivi? Ulikuwa wapi?"

Ndiye.

"Nilikuwa naongea na mtu, mama."

"Mtu gani?"

Nyamizi alitafuta jina la kumtaja, akalikosa.