Mbegu Zilizopikwa

Kila alfajiri Eveline aliteka maji ya kutumia nyumbani katika mto Lumemo. Jioni aliteka tena ya bustani ya Darasa la Sita, kwa kuwa kwao ndiko karibu na mto. Siku aliyokabidhiwa mbegu za kunde za bustani hiyo azitunze hadi kesho yake zipandwe, mabega yalikuwa yanamwuma.

Nyumbani, bibi yake Theodosia alikuwa akipepeta mchele.

"Kitendawili."

"Tega."

"Shamba langu limejaa, chungu changu kitupu."

Eveline alishindwa. "Chukua Mlimba, Bibi."

"Nimefika Mlimba, nimekula samaki, nimeshiba. Jibu ni pamba. Enzi za Waingereza, bwana shamba alimlazimisha baba yangu kulima pamba msimu wa mpunga. Ukikataa, kiboko. Basi baba akachemsha mbegu, akazipanda kwa adabu zote. Hazikuota. Bwana shamba akaandika kwamba udongo wetu haufai."

Bibi alicheka mpaka ungo ukatikisika. Alipokwenda kwenye sala ya jumuiya, Eveline akainjika sufuria.

Siku kumi zilipita tangu darasa lipande, matuta yakabaki matupu. Mwalimu Lukelo alifukua mbegu moja, ikapondeka vidoleni.

"Mzee Nassib katuuzia mbegu mbovu. Hatununui tena kwake, na shule nyingine nitaziambia."

Wote wakamgeukia Jihan, mjukuu wa Mzee Nassib, aliyekaa dawati moja na Eveline.

"Babu yako anauza mbegu za kuzika," mmoja alimkebehi.

"Babu hajawahi kumdanganya mtu," Jihan alijibu taratibu, machozi yakimlengalenga.

Eveline akasimama. "Mwalimu, mbegu zilikuwa nzima. Nilizichemsha mimi. Nilichoka kuteka maji."

Mwalimu alimpeleka dukani akaombe radhi. Mzee Nassib akampimia mbegu nyingine. "Hizi subiri zizae kwanza, ndipo upike," alisema.

Eveline alipomsimulia Bibi, safari hii hakucheka.

"Baba yangu alichemsha mbegu za mtu aliyemshikia kiboko, pamba iende Ulaya sisi tulale njaa. Wewe nani alikushikia kiboko? Kunde zile zingepikwa shuleni, ukala wewe na wenzako. Tena lawama zikamwangukia Mzee Nassib. Mjukuu wangu, ukichoka, sema. Sisi hatukuwa na wa kumwambia. Wewe unaye."

Kesho yake Eveline alimweleza Mwalimu habari ya mabega yake. Mwalimu akapanga zamu za maji, na wa kwanza kushika ndoo alikuwa Jihan.