Rangi ya Nne ya Bibi Ernestine

Foleni ya duka la vifaa vya ujenzi pale New Orleans ilikuwa imekwama, na aliyeikwamisha ni Wendell Pruitt, wala hana habari. Nyuma yake vijana kumi na saba wa kanisa lake la Chattanooga, wote fulana za kijani, kila mmoja kakumbatia ndoo ya rangi ya njano. Joto la Julai, jasho mpaka kwenye soksi. Wendell, miaka ishirini na tatu, kofia kageuza nyuma, anahesabu vichwa kama mtu anayehesabu kuku.

"Kaka," sauti ikatoka nyuma, "hata Yesu kabla ya kulisha wale elfu tano aliwaketisha kwa makundi. Panga kuku wako, tupite."

Akageuka. Dada kavaa gauni jekundu la kitani, hereni kubwa za duara, mkononi kopo la lami ya kuzibia paa. Wendell akacheka mpaka hesabu ikampotea.

"Unaitwa nani wewe?"

"Odette. Na usiniombee. Lipa uondoke."

Kesho yake asubuhi basi lao dogo likasimama kwenye nyumba waliyopangiwa kupaka, kwa Bibi Ernestine Batiste. Mlango ukafunguliwa.

"Mungu wangu," Odette akasema. "Bibi, njoo uone! Kuku wamefika!"

Sasa, safari hizi za misheni zina sheria zake. Wavulana ni bluu, wasichana ni wekundu, na zambarau, yaani bluu na nyekundu kugusana, ni marufuku. Vijana wanasaini, kiongozi naye anasaini. Kwa hiyo Wendell alimsalimia Odette bega kwa bega, mikono mbali, kama watu waliogongana mlangoni. Haikusaidia. Mpaka Jumanne vijana walikuwa wanapiga kelele juu ya ngazi: "Kiongoziii! Tunaona zambarau!"

Mchana Odette akiwa kazini, kwenye duka la mikate, simu inaita.

"Umekula, mpenzi?"

"Mpenzi wa nani? Si umesaini karatasi wewe?"

"Karatasi inaisha Ijumaa. Leo Jumatano. Nafanya mazoezi tu."

"Kafanye mazoezi ya kupaka kona. Bibi anasema mmeziruka."

Alhamisi ikanyesha. Odette akarudi mbio, kalowa chepechepe, akamkuta Wendell barazani na simu sikioni, anachekelea. "Ndiyo, mchungaji, ukuta umekwisha. Picha za bibi zimetoka safi. Jumapili kanisa zima litalia."

Ndani, Bibi Ernestine alikuwa anasogeza sufuria. Tone huku, tone kule.

"Hebu niambie," Odette akasema, "unajua hiyo ni rangi ya ngapi? Ya nne! Walikuja wenzenu na bluu, wakaja wengine na kijani, mwaka jana rangi ya tunda la pichi. Kila kiangazi mnapaka, mnapiga picha, mnalia, mnaondoka. Paa hakuna anayeligusa."

"Odette, vijana hawaruhusiwi kupanda paani, wazazi wao..."

"Nani kataja vijana? Baba yako si fundi wa paa? Si umeniambia mwenyewe umepigilia vigae tangu una miaka kumi na nne?"

Wendell akaingia ndani. Akamgeukia bibi. "Mbona hukutuambia?"

"Mwanangu, mtoto kaja mbali hivyo na furaha yake, nimwambie kakosea? Nina sufuria."

Ijumaa wakaondoka. Odette hakutoka nje. Njia nzima Wendell anapiga simu, haipokelewi. Kwa Odette hadithi ilikuwa imeisha: kapata picha zake, kaenda.

Jumapili taa za kanisa zikazimwa, picha ya bibi ikajaa ukutani, anatabasamu mbele ya njano mbichi. Wendell akashika kipaza sauti. "Huu ukuta haukuwa na shida yoyote," akasema. "Nyuma yake mvua inamnyeshea bibi kitandani. Nami ni fundi, na sikutazama juu." Hakuna aliyelia. Baba yake akainuka bila neno, akaenda kupakia ngazi kwenye gari.

Jumanne Odette akaamshwa na nyundo. Akatoka na kitambaa cha kichwa, miguu mitupu.

"Wendell! Shuka!"

"Sishuki mpaka nimalize."

"Mbona hukusema unakuja?"

"Simu ishirini na mbili, Odette! Bibi ndiye aliyepokea nilipompigia. Kuna fundi hapa mjini kanipa kazi, nahamia. Na nimemwambia bibi nataka kukuoa."

"Umemwambia bibi kabla yangu? Akasemaje?"

Baba mtu akajibu, misumari mdomoni: "Kasema tungoje mvua kwanza!"

Saa tisa, paa limekwisha, mvua ikaja, ile ya kwetu ya kiangazi, ya kumwagwa kwa ndoo. Wanne wakasimama sebuleni shingo juu. Dakika tano. Kumi. Dari kavu kabisa.

"Mjibu mtoto wa watu," Bibi Ernestine akasema, "mvua isije ikaisha ukadai ilikuwa manyunyu."

Wendell akajisogeza mbele ya Odette, kofia mkononi.

"Ndiyo," Odette akasema. "Sasa sogea, unanizibia dari."